Mguu wa Masele na Vyuma vya Jalalani

Jumatatu, 1 Juni 1953

Leo nimepiga nyundo kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Mapigo kumi na mawili, kisha mbavu zikakataa. Lakini kumi na mawili! Nikakaa chini ya kibanda changu hapa uani, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mama Zipora, mke wangu, akatoka jikoni mbio akidhani nimeanguka.

Nashukuru. Mbavu tatu zimeunga. Mikono yote ipo. Macho yapo. Ijumaa ile ya tarehe 17 Aprili nilishuka shimoni kutengeneza winchi — mimi fundi chuma wa karakana ya mgodi, si mtu wa chini — na paa la mwamba likashuka. Nikalala chini ya mawe nikisikia mtu anachimba kwa mikono. Anasema Kiswahili cha Kisukuma, ananiambia nisinyamaze, nimjibu, hata nimtukane. Masele. Mtoboa mwamba kutoka Shinyanga. Hata jina langu hakulijua. Alinivuta hadi kiunoni, akanisukuma kwa wenzake, ndipo likaja jiwe la pili. Mimi nikatoka. Yeye hospitali wakamkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Sanamu yake inakaribia kwisha, kwa kufunga bolti tu bila nyundo. Nilianza kuiwaza nikiwa bado kitandani. Mtu wa chuma, kabeba jiwe mgongoni, mkono mmoja umenyooka mbele kuvuta mwenzake. Nitampa. Sijui kitu kingine ninachoweza kumpa mtu kama yule.

Jumanne, 2 Juni

Sikukuu ya kutawazwa Malkia. Kazi hakuna. Bendera, nyama, matarumbeta. Zipora kapewa shuleni kikombe cha bati, hataki mtu akiguse.

Waliokuwa wakienda uwanjani walisimama hapa kwangu Kalangalala kuyatazama masanamu yangu uani. Yamefika kumi na moja. Korongo wa sepetu iliyovunjika. Mpiga ngoma wa tindo za mwamba zilizokwisha makali. Mwanamke anayetwanga, mwili wake ni mnyororo niliougandisha pete kwa pete mpaka ukasimama wima. Vyote vimetoka jalalani nyuma ya karakana. Pantaleo, nyapara wetu, aliniruhusu zamani kwa sharti moja: "Chukua kilichokufa. Kilicho hai usiguse."

Baba yangu kule Buzinza alifua majembe. Babu aliyeyusha mawe yakawa chuma. Wote walijua wanatengeneza nini kabla ya kuwasha moto. Mimi naanza na takataka. Naigeuza, naigeuza, mpaka nione bega au shingo. Kuna siku sioni kitu, narudisha jalalani. Mwaka huu nimejifunza jambo moja: nikikaza kila kiungo, mtu anasimama kama nguzo. Nikiacha kiungo kimoja kilegee, nikatia springi, anasimama kama mtu. Upepo ukija anatikisika kidogo. Mzee mmoja leo kaniuliza nimewafunga akina nani humo ndani. Nikasema humo mna nati na bolti tu. Akaondoka hajaridhika.

Jumapili, 7 Juni

Siku mbaya. Au nzuri. Sijui bado.

Baada ya misa nilimleta Masele kwa mkokoteni wa maji, na magongo yake mapajani. Nilikuwa nimeifunika sanamu kwa gunia. Nikafunua. Akaitazama muda mrefu. Akaizunguka kwa magongo, pole pole. Mimi nangoja kama bwana arusi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi akae chini.

"Athanas, ndugu yangu," akasema, "huyu umempa miguu miwili."

Nikasema ndiyo, ndivyo ulivyokuwa siku ile.

Akanyoosha gutu lake mbele yangu, limefungwa bandeji. "Sasa huyu wa chuma ana safari gani? Mimi ndiye nina safari."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angekasirika. Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini ili Mama Zipora asisikie. Mgodi umemwachisha kazi, lori litampeleka kwao tarehe 31 Julai. Na hataki kwenda. Kwao alikuwa mcheza ngoma mkubwa, kila mavuno watu walikuwa wakitembea siku nzima kuja kumtazama. Hatashushwa kwenye lori kama gunia la pamba mbele ya watu hao. Afadhali apotelee huku Geita, mkewe aambiwe amekufa.

Nimemrudisha hospitali. 

Jumatatu, 8 Juni

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimweleza Mama Zipora. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema: mtu kakuomba mguu, wewe unalilia sanamu?

Euphrasia binti Thobias! Mungu alinipa mke mwenye ulimi wa tindo. Namshukuru hata kwa hilo.

Naanza leo.

Alhamisi, 18 Juni

Mguu wa kwanza. Nimeutengeneza kama ninavyotengeneza watu wangu: tindo mbili za mwamba ubavu kwa ubavu, kikombe cha bati nene juu cha kuingiza gutu, kisigino cha gurudumu la toroli. Wa kupendeza mno. Pantaleo kauona akapiga mluzi.

Masele akaufunga, akasimama, akapiga hatua moja. Ya pili haikuwepo. Mguu ulibaki nyuma kama mbuzi aliyegoma kamba. Akaanguka kwenye mkaa. Tukaupima kwa mizani ya karakana: ratili kumi na moja! Mtu anaburura ratili kumi na moja kwa goti.

"Huu mpe yule wa uani," akasema Masele, anajipangusa mkaa. Bado anatania. Lakini damu ilikuwa imetoka kwenye bandeji, na dresa, mfunga vidonda wa hospitali, kanifokea mbele ya wagonjwa. Ana haki.

Jumapili, 28 Juni

Mguu wa pili: mti wa mninga, bati juu. Mwepesi. Mgumu kama mchi. Kila hatua inampiga mpaka nyongani, meno yanagongana. Amekwenda hatua tisa, akaukataa.

Kitu cha ajabu — wiki tatu sijagusa sanamu, na sijapata kufikiri sana kuhusu mwili wa mtu kama sasa. Nakaa njiani kutazama watu wanavyokanyaga. Kisigino kwanza. Kisha uzito unateleza mbele. Kisha kidole gumba kinasukuma ardhi. Jana nimemfuata mwanamke wa watu nikimwangalia kifundo cha mguu mpaka akageuka kuniuliza nina shida gani. Nikasema samahani mama, natengeneza mguu. Akaongeza mwendo.

Jumamosi, 4 Julai

Mbuke kafika, mke wa Masele. Kaja na basi kutoka Shinyanga, mtoto wao Ngassa mgongoni, kumchukua mumewe. Nilimwendea hospitali na kuku mkononi. Mama Ngassa, nikamwambia, karibu Geita, mimi ni Athanas.

Hakupokea kuku. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye wewe. Nilitaka kumwona mtu aliyegharimu mguu wa mume wangu."

 Masele akasema kitu kwa Kisukuma, haraka.  Mimi nikasimama pale na kuku wangu. Hilo nimejiambia mwenyewe pia. Ni kweli.

Mama Zipora alipopata habari akavaa khanga, akaenda mwenyewe. Sijui walisemezana nini. Amerudi na Mbuke, na mtoto, na kuku. Wanalala kwetu mpaka safari. Usiku huu Mbuke amekula kidogo. Mimi amenipa mgongo.

Jumatano, 8 Julai

Naandika haya kwa aibu, nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikufanya.

Nimeona kinachotakiwa: springi. Bamba la springi la lori, lililopinda, liwe unyayo na kifundo kwa pamoja. Likanyage, libonyee, lisukume. Jalalani hakuna. Nimechimba siku tatu. Na ndani ya stoo ya karakana yapo mabamba mapya sita, yana mafuta bado, yanang'aa.

Leo saa ya kutoka nilitia moja ndani ya mfuko wangu wa chakula, chini ya kitambaa. Nikafika karibu na geti. Miguu yangu mwenyewe, hii mizima, ikakataa. Nikarudi. Pantaleo alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Nikalitoa nikalirudisha mahali pake huku ananiangalia.

Akauliza: ni la mguu?

Nikasema ndiyo.

Akasema nenda nyumbani.

Sijamwambia Mama Zipora. Kesho nitajua kama bado nina kazi.

Alhamisi, 9 Julai

Nina kazi!

Pantaleo aliingia kwa Bwana wa karakana asubuhi, mlango ukafungwa. Mimi nanoa tindo, macho mlangoni, nimeharibu mbili. Akatoka amebeba springi ya lori lililopinduka mwaka jana njia ya Mwanza. Bamba la kati limevunjika, mengine mazima. Akaitupa miguuni pangu. "Hii imekufa tangu leo asubuhi. Bwana katia sahihi."

Kisha akainama karibu, akasema polepole kwamba nikirudia atanipeleka geti yeye mwenyewe. Nikamwambia sitarudia. Nilitaka kumshika mkono lakini alikwisha ondoka kumfokea mtu mwingine.

Naandika jina lake hapa nisisahau kumwombea: Pantaleo.

Jumatano, 15 Julai

Unyayo wa springi unafanya kazi. Chini nimeshonea mpira wa tairi, kama katambuga. Lakini bomba la muundi! Jalalani yote yaliyobaki ni mazito, yale ya maji. Nilihitaji bomba jepesi, kama lile la hewa ya mashine ya kutobolea. Nilikuwa nalo moja. Nimelitumia kwenye sanamu, ndio ule mkono ulionyooshwa.

Nimezunguka uani asubuhi yote nikijifanya natafuta kitu kingine. Saa sita nikachukua msumeno.

Haikuuma kama nilivyodhani. Nilitoboa bomba matundu ishirini kupunguza uzito. Mguu wote sasa ratili nne na nusu. Sanamu imebaki na jiwe mgongoni na mkono mmoja. Ajabu ni kwamba imekuwa nzuri zaidi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anautazama mkono. Sasa wanatazama mgongo.

Jumapili, 19 Julai

Hatua arobaini! Kutoka kibanda mpaka kwa jirani na kurudi! Springi inabonyea, inasukuma, Masele anakwenda kama mtu anayekumbuka wimbo. Mama Zipora kapiga vigelegele. Ngassa mdogo anamfuata baba yake akimwiga, anachechemea na yeye.

Halafu akakaa, akavua. Ncha ya gutu imechubuka, nyama nyekundu. Ameficha maumivu hatua zote arobaini. Dresa amesema wazi: akivaa tena hivi, kidonda kitaoza, watamkata juu ya goti.

Siku kumi na mbili zimebaki. Nimejaribu ngozi ya ng'ombe. Nimejaribu pamba, blanketi, mpira wa tyubu. Mwisho wa mfupa unagonga chini tu, kitu chochote ninachoweka.

Masele hajatania leo.

Jumanne, 21 Julai

Lazima niandike vizuri ilivyokuwa.

Asubuhi nilikuwa kibandani nimeshika kile kikombe cha bati, sina wazo. Mbuke akapita na ndoo ya maji kichwani. Akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama mbele yangu kwa hiari yake.

Akauliza: kwa nini unamsimamisha kwenye kidonda?

Nikasema uzito lazima ukae mahali, mama, na mguu umeishia hapo.

Akashusha ndoo. Akatoa ngata yake kichwani, ile pete ya kitambaa. Akaniwekea mezani. "Mimi utosi wangu haugusi ndoo. Uzito unakaa pembeni, katikati pako wazi. Ningebeba bila ngata ningekuwa na upara siku nyingi."

Nikaiangalia ile ngata. Nikamwangalia yeye. Nikatamani kupiga kelele.

Tulifanya kazi mpaka alasiri, yeye na mimi. Alisokota pamba kwa kitambaa cha marekani, nene mbele chini ya goti, nyembamba nyuma. Alimwita Masele akapima kwa vidole vyake, anamjua vilivyo, anajua wapi pana mfupa na wapi pana nyama. Mimi nikafua bati upya, pana zaidi, ncha ya gutu ining'inie bila kugusa kitu. Tukafunga kwa mkanda wa mashine juu ya goti.

Masele akasimama. Tukangoja. Akainua mguu wake mzima kutoka chini — akasimama kwa ule wa chuma peke yake! Akakaa hivyo. Anatutazama kwa zamu.

"Haligongi," akasema.

Mbuke akachukua ndoo akaenda zake, kama mtu aliyepita tu kuazima chumvi. Lakini jioni alinipakulia ugali yeye. Akasema: kula, Baba Zipora.

Hakuna chakula nimewahi kula kitamu hivyo.

Ijumaa, 31 Julai

Lori liliondoka saa tatu. Ilikuwa tuonane getini pa hospitali, wabebaji wawili wa hospitali wamekuja na machela. Masele akawaambia kaeni nayo, mtapata mgonjwa mwingine. Akatembea. Kutoka barabara ya hospitali, akapita sokoni, mpaka kwenye lori. Gongo moja, na hilo alilibeba zaidi kuliko kulikanyaga. Wauza samaki wakaacha mizani. Wachimbaji wa zamu ya usiku wakatoka nje na mablanketi yao. Hakuna aliyeshangilia, walitazama tu miguu yake, na mimi nikatazama nyuso zao. Nilitaka kuziweka kichwani zote.

Nilikuwa nimejifunza neno la Kisukuma la kushukuru. Nikamshika mkono nikasema: Wabeja, Masele. 

"Wewe, usinishukuru tena," akasema. "Umenichosha. Tangu Aprili unashukuru." Naye alikuwa na machozi, mwongo mkubwa.

Mbuke alinipungia kutoka juu ya magunia. Sitadai kwamba amenisamehe. Alinipungia.

Jumamosi, 15 Agosti

Barua! Ya Masele, kaandikiwa na mwalimu wa kwao. Masele amefika salama. Ameshuka kwenye lori mwenyewe. Ngoma zimeanza, hajacheza, amesimama pembeni na kuimbisha, na watu wamekuja kumtazama vilevile. Kidonda hakuna. Lalamiko ni moja: springi inalia kama panya, watoto wanamfuata kijiji kizima. Anaomba mafuta ya mashine. Mbuke anasalimu na anauliza kama Mama Zipora alipanda zile mbegu alizomwachia.

Nimeisoma mara nne. Ya mwisho kwa sauti.

Pantaleo kanipa kopo la grisi bila kuulizwa.

Jumapili, 23 Agosti

Naandika haraka, nina mgeni uani.

Amekuja baada ya misa, mwanamke mrefu, Mkurya, jina lake Ghati. Anauza samaki sokoni. Alikuwepo siku Masele alipopita. Nikamkaribisha, akakaa, mkono wa kushoto ndani ya khanga. Nikajua kabla hajasema.

Akautoa. Umeishia kwenye kifundo cha mkono. Ulikatwa na mkanda wa mashine ya kusaga unga, miaka mitatu iliyopita. Akauweka mezani juu ya karatasi zangu kama anavyoweka samaki mbele ya mnunuzi.

Nikaanza kumweleza, moto umeniwaka: ndoano inayofunga na kufungua, springi ndogo, mkanda mpaka begani, utashika kisu, utashika mizani —

"Hapana, fundi."

Nikashusha mikono.

"Wa kufanya kazi ninao mmoja, unanitosha. Naparua samaki kuliko wenye mikono miwili. Nataka wa kupendeza."

Mama Zipora akaacha kukoroga uji. Nikamwuliza, wa kupendeza vipi, dada? Akasema hajui. Miaka mitatu anauficha. Kanisani, sokoni, msibani. Amechoka kuficha kitu ambacho hakipo. Anataka kitu cha kukitoa nje. Aliwaona watu wangu hapa uani siku ya sikukuu ya Malkia, akarudi mara mbili kuchungulia kwenye ua, nisikasirike. Yule anayetwanga, alitaka kumgusa.

Nikachukua chaki, nikamwambia basi weka mkono wa kulia hapa niuchore, tuufananishe. Akauweka. Chaki ilipofika kidole cha tatu akauondoa.

"Usifanane na huu. Huu umechoka."

"Basi uwe mkono wa nani?"

"Wangu," akasema. "Ila sijauona bado."

Nimekimbilia humu ndani kuandika maneno hayo kabla hayajanitoka.  Miezi miwili nimejifunza mguu ukanyage vipi, na nilikuwa nimejiambia kwamba hiyo ndiyo kazi sasa, ya masanamu imekwisha, nikakubali, sikulalamika. Na huyu kaja na —

Ghati ananiita. Nimechungulia dirishani. Hakungoja. Amechutama kwenye lundo langu la vyuma, anachambua kwa mkono wake mmoja, anatupa, anatupa, Mama Zipora kasimama naye na mwiko, wanabishana. Kimoja kakipangusa kwenye khanga. Kakiinua juu ya kifundo chake, ule mkono wa kushoto, mbele ya jua, wala hauko tena ndani ya nguo. Anageuza hivi na hivi. Toka hapa sioni ni chuma gani —